Kilo za Mselemu

26 Mei. Kilo 68.

Haya, nilikuwa nimeishia kwa Amne. Jana uji uliumuka ukazima moto, nikaacha kalamu katikati. Basi Amne ndiye mtalaka wa mume wangu. Waliachana miaka ishirini na mbili iliyopita, mimi sijaolewa bado, akaenda zake Mkiwa kuuzia chakula madereva wa malori pale njia panda. Miaka yote hiyo sikumwona hata kivuli. Msimu huu wa alizeti amerudi. Na unajua amesimamisha wapi banda lake la chakula? Mashineni, kwenye mashine ya kukamua mafuta, hatua kumi toka kwenye kiti anachokalia Mselemu akinunua alizeti. Unyambwa yote hii ina viwanja, yeye kaona pale.

Daftari hili si la umbea jamani. Alinipa sista Emiliana siku mzee aliporuhusiwa hospitali. Moyo wake umetanuka. Ni presha ya miaka mingi, kila mwaka anasema nitaenda kupima, haendi, mpaka mwezi wa nne akawa hawezi kutoka kitandani kufika mlangoni bila kupumzika. Sista akanikalisha. Kila asubuhi, akishatoka kukojoa na kabla ya chai, apande kwenye mizani, mama uandike kilo zake. Vidonge asiruke. Chumvi hapana. Na akipanda kilo mbili ndani ya siku tatu usingoje kliniki, piga simu hii. Akaandika namba kwenye jalada. Nikamwambia sista, mimi nimeishia darasa la nne. Akasema namba ni namba, mama. Sawa. Lakini ukurasa mzima kuandika 68 peke yake ni kuharibu karatasi, ndiyo maana namalizia na mengine.

Mizani tunayo, ile ya magunia iliyobaki stoo tangu tulipokuwa tunanunulia alizeti hapa nyumbani. Mzee anapanda pale linapokaa gunia, anashika nguzo, mimi nasogeza kile chuma. Leo kaniambia, "Mama Sultani, toa kilo mbili za unyevu. Mzigo huu haujakauka." Nimecheka mpaka nikakosea kusoma, tukapima upya.

27 Mei. Kilo 68.

Upepo. Nimefua, vumbi likarudisha kila kitu.

29 Mei. Kilo 68.

Nimemchinjia kuku. Jogoo wangu mwenyewe, nikamchemsha na kitunguu, bila chumvi kama sista alivyosema. Kala vipande viwili akasukuma sahani. Kasema kuku huyu amekufa mara mbili, mara ya kwanza kwa kisu na mara ya pili kwenye sufuria yangu.

Jioni Magdalena wa nyumba ya pili kaja kuomba moto. Magdalena haombagi moto. Akija kuomba moto ujue ana kitu.

"Shoga, baba Sultani anaendeleaje?"

"Hali. Chakula hakimpandi."

"Hakimpandi wapi? Leo nimepeleka debe zangu nne mashineni, nimemkuta kwa Amne. Ugali wa uwele, mlenda, analamba vidole mpaka kwenye kifundo."

"Umemwona wewe mwenyewe?"

"Kwa haya macho. Na kaongeza ugali."

Nikampa moto. Akausahau nje akaenda.

1 Juni. Kilo 68.

Nimemuuliza taratibu wakati anavaa viatu. Mchana unakula wapi? Mashineni. Kwa nani? Kwa anayepika. Nikasema anayepika ana jina. Kasema, "Mama Sultani, unalijua jina, sasa unataka nikutajie wewe ufurahi?" Nikainama nikamfunga kamba za viatu. Mtu mwenye moyo mgonjwa hagombezwi, sista alisema asipate mawazo. Mawazo nayapata mimi.

3 Juni. Kilo 69.

Leo nimekwenda kuona mwenyewe. Nimejifanya nimempelekea koti, maana baridi imeanza, upepo wa mwezi wa sita unapita mpaka kwenye mifupa. Nimevaa kile kitenge alichonitumia mwanetu Sultani.

Mashineni kumejaa, magunia mpaka barabarani. Amne yuko bandani kwake. Amezeeka, hilo niseme, shingo imekunjana. Lakini kajifunga kanga vizuri, meza imefutwa, vikombe vimefunikwa. Mwanamke msafi, siwezi kudanganya kwenye daftari la hospitali.

"Karibu, mdogo wangu," akaniambia.

Mdogo wangu. Tumekula sahani moja lini?

"Shikamoo," nikasema, maana ni mkubwa, sina la kufanya.

"Marahaba. Najua kilichokuleta. Kaa. Mimi sikumwita. Alikuja mwenyewe siku ya kwanza akaomba maji. Nikamuuliza mbona umekonda hivyo, akaniambia habari ya moyo na chumvi. Sufuria yake iko peke yake, ile ndogo pale. Chumvi haijaigusa. Ni mlenda, nyanya na kijiko kimoja cha magadi ya kulainishia, basi."

Akanipa kijiko nionje. Kweli, chumvi hamna. Na ni tamu. Mimi ni Mnyaturu wa Ikungi, mlenda nimeujua kabla sijajua kutembea, na nakwambia ule wa Amne ni mtamu. Niliumia kuliko kama angekuwa ametia sumu.

Mzee kule kwenye kiti chake anatuangalia sisi wawili kama mtu anayesubiri radi.

4 Juni. Kilo 69.

Siongei na mtu.

7 Juni, Idi. Kilo 70.

Nilipika pilau sufuria mbili, ya watu na ya mgonjwa. Wifi yangu Saada kaja toka mjini na watoto. Tumekaa vizuri, mzee amevaa kanzu, anatania, ghafla inaingia hotipoti. Imeletwa na binti wa Magdalena. "Mama Amne anasema Idi njema, ni ya baba."

Unaona? Magdalena akampa hadi mtoto wake amtume.

Mzee akafungua. Ule mlenda. Akasogeza pilau yangu pembeni, taratibu, kama mtu anayesogeza kiatu cha mwenzie mlangoni. Akala mlenda siku ya Idi mbele ya nyama. Saada akacheka mpaka akajifunika. "Wifi, vumilia. Wenzio walianza."

Nikacheka na mimi. Nilicheka sana. Mashavu yananiuma mpaka sasa.

8 Juni. Kilo 70.

Nimeosha ile hotipoti. Nimeisugua kwa mchanga.

10 Juni. Kilo 71.

Mashavu yake yamejaa. Mzee Alute wa msikitini kampa mkono, "Alhamdulillahi, Mselemu umerudi mwilini." Kila mtu anampongeza. Mwezi mzima mimi nakesha na vidonge vyake, cha asubuhi, cha kukojoza, cha jioni, nachemsha, nachuja, kilo zikabaki 68. Yule kampikia wiki moja na nusu, kilo tatu. Niandike ukweli: hizi kilo tatu si zangu, ni za Amne. Nimeziandika kwa mkono wangu nikaona kama namwandikia mwenzangu shamba.

Nimeamua. Mlenda si wa kwake peke yake.

11 Juni. Kilo 71.

Nimetwanga mlenda mkavu ule alionipa dada yangu Ikungi, nikachekecha mara mbili. Nyanya nne, kitunguu. Chumvi kando, nimeiweka juu ya kabati kabisa nisije nikasahau. Magadi, Amne anatia kijiko kimoja. Mimi nimetia viwili. Ukalainika kama hariri, ukavutika.

Mzee kaonja. Kaonja tena. "Huu umepika wewe?"

"Kwani kuna mwingine humu ndani?"

Kala ugali wote akafuta sahani kwa kidole. Leo nalala na furaha.

12 Juni. Kilo 72.

Hii moja ni yangu.

13 Juni. Kilo 72.

Mchana anakula kwa Amne, jioni anakula kwangu. Nimemwambia kama huwezi kuacha kule, basi usiniachie hapa. Kasema mama Sultani, mimi nitapasuka. Kavaa kandambili, viatu vimembana. Nikasema ndiyo kunenepa huko, tutanunua vingine.

15 Juni. Kilo 74.

Jana sikupima, tulienda msibani Kinampanda. Leo mbili kwa mpigo. Zote zangu, maana jana hakwenda mashineni.

Niandike pia hili. Namba ya sista niliiangalia pale kwenye jalada. Kilo mbili, siku tatu. Nilishika hata simu. Halafu nikajiuliza nampigia nimwambie nini. Sista, mume wangu ananenepa? Si ndiyo tulichokuwa tunamwomba Mungu? Na akiniuliza anakula wapi, nimwambie mchana anakula kwa mtalaka wake? Nesi mwenyewe binti mdogo, ataenda kunicheka na wenzake. Nikairudisha simu kwenye chaja.

Sista alisema mtu akikonda, nadhani. Au alisema akipanda. Alisema akipanda.

16 Juni. Kilo 75.

Anakohoa. Ni vumbi la alizeti, kila mtu mashineni anakohoa. Anataka mito mitatu. Nikamwambia unalala umekaa kama mlinzi wa benki.

17 Juni. Kilo 75.

Upepo mkali. Paa la choo limeng'oka kona moja. Amne kaleta salamu kupitia Magdalena kwamba mzee leo hakumaliza chakula, je, anaumwa? Nikajibu mwambie kwangu alimaliza. Hakumaliza. Alikula matonge mawili.

18 Juni.

Sikuandika kilo juu hapo. Ngoja nieleze.

Asubuhi kama kawaida kaenda kukojoa. Kakaa muda mrefu, karudi ameshika ukuta. Nikasema pumzika kwanza. Akasema tupime tumalize. Akapanda kwenye mizani, akashika nguzo kwa mikono miwili. Nikasogeza chuma. Sabini na sita. Mkono wa mizani ukabaki juu. Nikasogeza, sabini na saba. Nikasema kwa furaha, wallahi nilisema kwa furaha, "Baba Sultani, saba saba hii."

Nikainua macho. Midomo yake ina rangi ya majivu. Anahema kama mtu aliyepanda mlima, na amesimama pale pale. Nikamwambia shuka. Akatikisa kichwa. Hakuwa anakataa, mguu ulikuwa hauinuki. Nikaangalia chini, ile miguu. Nimeiona kila siku na sikuwahi kuiona. Ngozi inang'aa kama mtungi. Nikabonyeza kwa kidole nimsaidie kuinua, kidole kikaingia, na nilipokitoa shimo likabaki.

Nilipiga yowe Magdalena akaja na mwiko mkononi. Tulimshusha, tukamkalisha, akitaka kulala anakabwa, anataka kukaa tu. Magdalena akasimamisha bajaji barabarani, kijana akaendesha mpaka hospitali, mimi nyuma nimemshikilia kifuani nasikia moyo wake unakimbia bila mpangilio, kama maharage yanayomwagika kwenye bati. Njia nzima anasema neno moja, "Dirisha." Bajaji haina dirisha. Upepo wote wa Singida unapita mle ndani na yeye anataka dirisha.

Wakamwekea hewa ya mtungi, wakamchoma sindano ya kukojoza. Wakanitoa nje.

Baadaye kidogo sista Emiliana akatoka. Binti mpole, akaniamkia shikamoo kwanza, hata katika hali ile. Akasema, "Mama, daftari umekuja nalo?"

Nilikuwa nalo kwenye kanga. Nikampa. Hapo hapo nikakumbuka nilichoandika humu. Nikanyoosha mkono nilichukue, akawa ameshafungua.

Alisoma amesimama. Anapitisha kidole. Nikaona kidole kinasimama, kinarudi nyuma, anasoma tena. Mimi nahesabu vigae vya ukutani.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, watu wa benchi wasisikie. "Hapa umeandika kilo tatu ni za Amne. Hapa moja ni ya kwako. Hapa mbili ni za kwako."

"Ndiyo."

"Amne ni nani?"

"Alikuwa mke wake."

Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Mama yangu, hizi hazikuwa kilo za mtu. Haya ni maji. Moyo umechoka kusukuma, maji yanabaki mwilini, yanashuka miguuni, yanapanda kwenye mapafu. Ndiyo maana nilisema nipigie. Mlikuwa mnampa nini? Chumvi?"

"Sista, naapa, chumvi iko juu ya kabati. Ni mlenda tu. Mlenda na magadi."

Akafumba macho kidogo. "Magadi kiasi gani?"

Nikamwambia. Mwenzangu kimoja mchana, mimi viwili jioni. Akanieleza pale pale kwenye benchi, kwamba kile kitu kinachoshika maji mwilini kwenye chumvi, ndicho hicho hicho kimejaa kwenye magadi. Ulimi hausikii chumvi lakini moyo unaisikia. Akasema, "Hili ni kosa letu pia. Tunasema chumvi, chumvi, hatuulizi watu wanapika nini."

Alikuwa ananifariji. Mimi nikawa nasikia viwili, viwili, viwili.

19 Juni.

Wamemtoa maji mengi. Anaongea kidogo. Daktari kasema bado hawezi kuahidi.

Saada kaja na hasira zake. Keshasikia mjini kwamba kaka yake alikuwa anakula kwa Amne kila mchana. Kasimama katikati ya wodi, "Yule mwanamke wa Mkiwa kamlisha kaka yangu kitu. Miaka ishirini alikuwa anaisubiri. Asikanyage hapa, nimeshamwambia mlinzi wa getini." Akanigeukia, "Pole wifi yangu. Wewe uliliona mapema, sisi tukakucheka."

Nikasema, "Ahsante wifi."

Ndivyo nilivyosema. Ahsante. Akanikumbatia, nikalala begani kwake, na ilikuwa raha. Mwezi mzima nilikuwa nasubiri mtu aseme Amne ndiye mbaya, na sasa linasemwa, kwa sauti, watu wanasikia. Nimelila embe hilo mpaka kwenye kokwa.

20 Juni.

Saada kawaambia mashineni. Banda la Amne halina wateja, Magdalena kasema. Mtu mmoja kamwagia majivu mlangoni. Magdalena anasema kwa furaha, mimi nikasema astahili. Kisha sikuweza kumeza chai.

21 Juni.

Leo mzee kapata nguvu. Nikamuuliza jambo lililokuwa limenikaba. Kwa nini kule? Kwangu ulikosa nini?

Kafumba macho, nikadhani kasinzia. Halafu akasema, taratibu, kwa kupumzika pumzika:

"Wewe ukinipa chakula unaniangalia kama unaniaga. Unahesabu tonge. Kule nilikuwa mnunuzi wa alizeti mwenye njaa. Basi. Amne ananitukana ninapochelewa."

Nilitaka kukasirika. Nikatafuta hasira nikaikosa. Ni kweli nilikuwa nahesabu tonge.

22 Juni.

Nimetoka kuchota maji ya moto, nikamwona Amne nje ya geti. Amesimama kwenye jua na upepo, kajishika kanga kichwani, hana bakuli, hana kapu, mikono mitupu. Mlinzi kanionyesha kwa kidevu, "Yule mama yupo hapo tangu juzi. Haombi kuingia. Anauliza tu kila anayetoka."

Ningeweza kugeuka. Hakuna mtu angejua, na hata daftari lisingejua.

Nikaenda.

"Mdogo wangu," akasema. "Yuko hai?"

"Yuko hai. Anaongea."

Akakaa chini pale pale kwenye vumbi kama mtu aliyekatwa kamba. Akasema, "Wanasema nimemlisha kitu. Nimekaa nawaza nimempa nini. Kila siku nafikiria ile sufuria. Labda niliikosha na maji ya sufuria kubwa, ikashika chumvi. Nambie."

Nikamwambia. Magadi. Nikamweleza kama sista alivyonieleza, ulimi na moyo. Akasikiliza huku anachora chini kwa kijiti. Alipomaliza kuchora akauliza, "Na wewe ulitia?"

"Nilitia."

"Vijiko vingapi?"

"Viwili."

Akaniangalia. "Mimi kimoja."

Nikaona hata kwenye kosa kanizidi. Ukanipanda ule wivu wenyewe, pale pale mgonjwa yuko ndani na mwenzangu yuko chini kwenye vumbi. Nikacheka. Sikujua kama nacheka. Na yeye akacheka, halafu tukalia, mlinzi akaingia kibandani kwake akafunga mlango.

Nikamshika mkono nikaingia naye. Saada alikuwa kitandani kwa kaka yake. Akainuka juu kama amekanyaga moto.

"Wifi, umeleta nini huku?"

"Saada, kaa. Aliyemjaza maji kaka yako ni mimi. Huyu kampa kimoja, mimi nikampa viwili, kwa sababu nilitaka kumshinda. Na kilo zilipopanda nilikatazwa kunyamaza nikanyamaza. Iko kwenye daftari, kasome."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha hata kukohoa. Saada mdomo wazi. Sijui atanisamehe lini, kuna siku nadhani hatanisamehe. Akachukua mkoba wake akaondoka bila kuaga.

Mzee akafumbua jicho moja. "Amne, umechelewa," akasema.

"Nyamaza wewe, mzigo mbichi," Amne akamjibu.

Nikatazama pembeni. Najifunza kutazama pembeni.

25 Juni. Kilo 69.

Tumeruhusiwa. Sista kaliazima daftari langu, kanirudishia. Kwenye ukurasa wa mbele kaandika kwa wino mwekundu: chumvi, magadi, baking pauda, vile vikopo na vipaketi vya kiungo cha dukani, dagaa wa chumvi, vyote hapana. Chini yake kaandika, "Mama endelea kuandika na mengine." Sikujua niweke wapi uso.

26 Juni. Kilo 69.

Sasa shida mpya. Hataki kula. Nikileta sahani ananusa, anauliza umetia nini, namwambia, anasema hapana. Anaogopa. Kala ndizi moja na maji ya kupimiwa, kama sista alivyoagiza.

27 Juni. Kilo 68.

Ndizi moja. Kasema, "Kila anayenipenda ananijaza maji."

28 Juni. Kilo 67.

Hiyo si ya kufurahia. Leo sikungoja siku tatu, nimempigia sista asubuhi hiyo hiyo. Kasema lazima ale, misuli itaisha, vidonge bila chakula vitamwangusha. Mpikieni anachokipenda, magadi ondoeni, tafuteni ladha kwingine.

Mpikieni, kasema. Hajasema mpikie.

Nimeliwaza neno hilo mchana kutwa. Nimepika mlenda bila magadi, ukawa mgumu kama majani ya paa. Nikamwagia mbuzi.

29 Juni. Kilo 67.

Nimekwenda mashineni kwa miguu. Banda la Amne lina watu watatu, wanarudi kidogo kidogo. Nikasimama mbele ya meza yake kama mteja.

"Dada," nikasema. Ilinitoka kwa shida, kama mwiba. "Mlenda bila magadi unalainishwa na nini?"

Akafuta mikono. "Bamia. Bamia changa, unaziponda. Na ndimu, na karanga iliyosagwa vizuri. Lakini moto wake ni wa kuchezea, siwezi kukueleza kwa mdomo."

"Basi njoo unionyeshe."

"Kwako?"

"Kwani mgonjwa yuko kwa nani?"

Akacheka kidogo. Akasema watu wataongea. Nikamwambia Unyambwa nzima wanaoongea ni mimi na Magdalena, na mimi nitakuwa nimeshika mwiko.

30 Juni. Kilo 67.

Naandika niko kwenye kigoda cha uani. Amne yuko jikoni kwangu. Mwanamke mwingine kwenye mafiga yangu, na mimi nimemfungulia mlango kwa mkono wangu. Kahamisha kopo la majani ya chai. Kasema lipo mbali. Miaka ishirini lipo pale. Nimeuma ulimi. Anaimba kwa pua, na kule chumbani namsikia mzee ameacha kugeuka geuka, anasikiliza. Naona wivu, ndiyo, sijapona. Sista hana kidonge chake. Lakini nimegundua ninaweza kuona wivu huku naponda bamia.

Kaonyesha moto wake kweli ni wa kuchezea, unaondoa kuni mbili, unarudisha moja. Karanga mwisho. Nikimwangalia mikono yake naona ana kovu la kuungua, kubwa, toka kidoleni mpaka kwenye kiwiko. Nikauliza. Akasema ni la jikoni humu humu, enzi zake, mimba ya kwanza, ile iliyoharibika, hakuna mtu aliyemsaidia, hata—

Anaita. Kapeleka sahani chumbani, sasa anaita toka huko, "Nasma, mdogo wangu, acha hilo daftari uje. Mzee wako kafunga mdomo kama mtoto. Anasema hali mpaka wewe uonje kwanza." Naenda.